Apdeti ya PS3 yetu tuifanye wenyewe, na tuifanye kwa Linux

Wiki hii tunaandika juu ya PS3 ya kikundi. Tunajua wengine watasema, "Jamani, watu wanakosa sabuni, nyinyi mnaandika gemu?" Tunaomba mtuvumilie kidogo, msome mpaka mwisho, kisha mtukosoe.

Mashine hiyo si ya kuchezea tu. Kila mechi ni shilingi 500, na hizo mia tano ndizo zinazonunua madaftari ya wadogo zetu, ndizo zinazolipa bando la simu ya kikundi, na ndizo zilizonunua mpira tunaoupiga jioni. Mashine ni moja. Ikifa, hakuna ya pili, na hakuna shirika lenye fomu ya kuomba PS3. Kwa hiyo mtu anaposema "tuiapdeti" lazima tukae chini, tuulizane inaapdetiwa na nani, wapi, kwa faili gani, na umeme ukikatika itakuwaje.

Mjadala uko hivi. PS3 yetu ni Slim, imeshafanyiwa jelibreki, yaani famweya yake ya kiwandani ilitolewa ikawekwa iliyorekebishwa. Famweya ni ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe, kabla hata ya menyu kutokea. Ya kwetu imezeeka, gemu mbili za mpira tulizopewa zinakataa kuwaka, zinadai toleo la juu zaidi. Kundi la kwanza linasema tuunganishe intaneti ya simu tubonyeze "apdeti", basi. La pili linasema tuipeleke kwa fundi Mbarara. La tatu linasema tuiache kama ilivyo. Sisi tunaoandika hapa tunasema kuna njia ya nne: tuifanye wenyewe, hapa hapa, kwa kompyuta ya kuazima na diski ya Linux ya laivu. Sababu zetu ndizo hizi.

Tuanze na wale wa kubonyeza tu. Ndugu zetu, apdeti si zawadi siku zote. Kuna apdeti inayoongeza kitu na kuna inayoondoa. Na mfano mzuri kuliko yote uko kwenye PS3 yenyewe. Mashine hii ilipoanza kuuzwa Novemba 2006, Sony waliiweka na sehemu iitwayo OtherOS. Mwenye mashine aliruhusiwa kuweka Linux ndani yake na kuitumia kama kompyuta. Watu waliitumia kweli. Vyuo vikuu viliunganisha PS3 kadhaa kufanya hesabu nzito, na mwaka 2010 jeshi la anga la Marekani liliunganisha zaidi ya 1,700 zikawa kompyuta moja kubwa iliyoitwa Condor Cluster.

Tarehe 1 Aprili 2010 ikatoka apdeti namba 3.21. Ilikuja kuiondoa OtherOS. Sony walisema ni kwa ajili ya usalama. Aliyekubali apdeti alipoteza Linux yake. Aliyekataa alibaki na Linux, lakini akafungiwa kucheza na wenzake mtandaoni. Yaani umenunua kitu na mambo mawili ndani yake, halafu unaambiwa uchague moja ubaki nalo. Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi mwaka huohuo, na Sony wakaja kukubali kuwalipa fidia bila kukiri kosa.

Kilichofuata ndicho kilichotuletea sisi jelibreki. Desemba 2010, kwenye mkutano wa wataalamu kule Berlin, kikundi kinachojiita fail0verflow kilionyesha kwamba Sony walikosea hesabu ya saini yao. Kila programu ya PS3 husainiwa kwa siri, na katika hesabu hiyo kuna namba inayotakiwa kubadilika kila saini. Kumbe Sony walikuwa wanatumia ileile kila mara! Ukishajua hivyo unaweza kupiga hesabu kurudi nyuma mpaka ukaupata ufunguo wenyewe. Mwezi uliofuata, Januari 2011, George Hotz akatangaza ufunguo mkuu wa mashine. Sony wakamshtaki, wakamalizana nje ya hukumu. Lakini ufunguo ulishatoka, na ulishaandikwa ndani ya mashine zilizouzwa, hakuna wa kuurudisha.

Tunasimulia haya ili mtu asije akasema "apdeti ni apdeti". Mashine iliyorekebishwa ukiiwekea faili la kiwandani, inarudi kuwa ya kiwandani. Jelibreki inaondoka, na nusu ya gemu zetu zinaondoka nayo. Tena ukiiunganisha mtandaoni kuingia kwenye huduma ya Sony, inaweza kugunduliwa na kufungiwa. Kwa hiyo wale wa kubonyeza tu, hapana. Kwanza wifi ya mashine izimwe kabisa.

Wale wa fundi tunawaheshimu. Mafundi wa mjini wana mikono na wana uzoefu, na mashine ikifa kabisa, ikahitaji kufunguliwa na kuchomelewa waya, ni kwao tutakimbilia. Lakini hii si kazi ya kuchomelea. Ni kazi ya kuweka faili sahihi kwenye flashi safi. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili (mmoja hawezi kuachwa peke yake na mali ya wote), chakula, na bei ya fundi, tayari ni mechi nyingi sana za mia tano. Halafu unaiacha mashine siku tatu kwenye meza ya mtu usiyemjua vizuri. Kuna kikundi cha jirani walirudishiwa yao imebadilishwa hadi diski ya ndani, na hawakuwa hata na karatasi ya kuonyesha kwamba waliipeleka. Fundi hatumtaji na wala hatumshtaki hapa. Tunachosema ni kwamba mtu asiyejua kilichofanyika hawezi hata kulalamika vizuri.

Sasa, kwa nini Linux, na kwa nini ya laivu?

Linux ya laivu ni mfumo mzima wa kompyuta uliowekwa kwenye CD, DVD au flashi. Unawasha kompyuta kupitia hiyo diski, Linux inaingia kwenye kumbukumbu ya muda, unafanya kazi yako, unazima, unaondoka. Windows ya mwenye kompyuta inabaki kama ulivyoikuta, ili mradi umechagua kujaribu na si kuinstoli. Kompyuta tunazotumia si zetu. Ni za shule, za kanisa, za kaka mwenye duka la kuchapisha. Akirudi akute kila kitu mahali pake, kesho atatuazima tena.

Sababu ya pili mnaijua wote: virusi vya flashi. Nani hapa hajawahi kuchomeka flashi dukani, akarudi nyumbani akakuta mafolda yote yamekuwa shotikati? Virusi vile vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux haviamki, na vile vinavyojificha unaviona wazi. Tena diski ya CD ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena, kwa hiyo hata ukiitumia kwenye kompyuta chafu kiasi gani, inatoka kama ilivyoingia. Tunataka faili la megabaiti karibu 200 lifike kwenye mashine bila herufi moja kuguswa. Kwa hali ya kompyuta za hapa, hatuoni njia iliyo safi zaidi.

Sababu ya tatu ni ukaguzi. Siku ya kuhakikiwa, kila mmoja wetu huweka kidole kwenye mashine. Unaweza kubadilisha jina, unaweza kuvaa kofia, kidole ni kilekile. Faili nalo lina kidole chake. Ukifungua dirisha la amri kwenye Linux ukaandika sha256sum kisha jina la faili, unapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Herufi moja tu ndani ya faili ikibadilika, mstari wote unabadilika. Baadhi ya waliotengeneza famweya huandika mstari huo kwenye ukurasa wao. Mistari miwili ikilingana, faili limefika zima. Isipolingana, futa, usibembeleze. Na faili lichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe. Lililotumwa na rafiki wa rafiki kwenye WhatsApp, pamoja na "kidole" chake alichokiandika yeye mwenyewe, halijathibitisha kitu.

Basi kazi yenyewe tunaiona hivi.

Kwanza, soma kibandiko cha nyuma ya mashine kabla ya kupakua chochote. PS3 nene za zamani zote zinapokea famweya iliyorekebishwa. Slim zilizoandikwa CECH-20 na CECH-21 zinapokea, CECH-25 baadhi yake tu. CECH-30 na zile Super Slim za CECH-40 hazipokei. Hizo hutumia njia nyingine iitwayo HEN, ambayo lazima ianzishwe tena kila mashine inapowashwa. Ya kwetu ni CECH-21, tuko salama. Lakini wewe unayesoma ukiwa na Super Slim, usifuate maelezo yetu kama kipofu.

Pili, hifadhi kabla hujagusa. Ligi na sevu za wachezaji zinakopiwa kwenye flashi kupitia menyu ya mashine yenyewe, zinakaa kwenye folda ya SAVEDATA. Na kwa kuwa ya kwetu ina jelibreki, kuna programu ndani yake zinazoweza kutoa nakala ya chipu inayobeba famweya. Kwenye Slim nakala hiyo ni megabaiti 16 kamili. Ikipungua, haifai. Weka kwenye flashi mbili, zikague kwa sha256sum kuona kwamba zinafanana, kisha flashi moja ikae kwa mweka hazina. Mashine ikifa, fundi mwenye nakala hiyo ana pa kuanzia. Asiyekuwa nayo anabahatisha.

Tatu, washa kompyuta kwa diski ya laivu. Zima, weka diski, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua. Kwenye HP nyingi ni F9, kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kompyuta zetu za kizamani zenye kumbukumbu ndogo zinabeba vizuri Puppy Linux au antiX. Hazihitaji Linux nzito.

Nne, safisha flashi. Hapa ndipo watu huharibu, kwa hiyo polepole. Andika lsblk, utaona orodha ya diski zote na ukubwa wake. Flashi ya gigabaiti 8 itaonyesha karibu 8, na diski ya mwenye kompyuta itaonyesha 250 au 500. Majina yanaweza kubadilika, ukubwa haudanganyi. Ukichanganya hapo unafuta kazi za mwenye duka, na urafiki umeisha. Mmoja asome kwa sauti, mwingine athibitishe, ndipo mbonyeze. Flashi iwe FAT32, kwa sababu PS3 haisomi NTFS.

Tano, tengeneza folda iitwayo PS3, ndani yake folda iitwayo UPDATE, zote kwa herufi kubwa, na ndani weka faili lenye jina PS3UPDAT.PUP. Ukikosea herufi moja mashine itasema haioni kitu. Itoe flashi kwa usalama, ichomeke tena, kagua kidole mara ya pili, safari hii kwa lile faili lililoko kwenye flashi yenyewe. Flashi feki ni nyingi sokoni, zinapokea faili na kulirudisha limeoza.

Sita, umeme. Hili tungeliandika kwa herufi kubwa kama si aibu. Mashine inapoandika famweya mpya, umeme ukikatika inaweza kufa palepale. Hatufanyi usiku, hatufanyi siku ya mawingu, hatufanyi huku watu wakichaji simu kwenye betri ileile. Tunafanya saa sita mchana, betri imejaa, sola inaingiza, na simu zote zimechomolewa. Wenye simu watatusamehe nusu saa. Baada ya hapo ni kwenda kwenye mipangilio, kuchagua apdeti kupitia flashi, kusoma namba ya toleo inayotokea, na kukaa kimya mpaka imalize. Menyu ya kawaida ikikataa, kuna menyu ya dharura: ukiwa umeizima, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine iwake kisha izime tena yenyewe, achia, halafu kishikilie tena mpaka usikie milio miwili ya haraka, ndipo uachie. Kule nako pana sehemu ya apdeti.

Sasa tujibu hoja za wanaopinga.

"Mnafundisha wizi wa gemu." Hapana, na hili tuliseme vizuri. Kurekebisha mashine uliyoinunua ni jambo moja, na kukopi gemu ya mtu bila kulipa ni jambo lingine. Tunajua hapa kambini mambo haya mawili hutembea pamoja, hatutajifanya malaika. Lakini mashine ni yetu, tulichanga. Mwenye jembe ana haki ya kubadilisha mpini. Haki hiyo haimruhusu kulima shamba la jirani. Na sheria za nchi hazifanani juu ya jambo hili, kwa hiyo kila mmoja ajue za mahali alipo.

"Kama inafanya kazi, kwa nini muiguse?" Hoja hii ni nzuri, na wale wa kundi la tatu tunakubaliana nao zaidi kuliko wanavyodhani. Mwenye PS3 ambayo gemu zake zote zinawaka, asiiguse. Kuapdeti kwa sababu tu kuna namba mpya ni kujitafutia msiba. Sisi tunayo sababu: gemu mbili hazifunguki, na ndizo wachezaji wanazoziulizia. Mteja akienda kwenye kibanda kingine, madaftari hayanunuliwi.

"Hamkusomea." Ni kweli, hakuna kati yetu mwenye cheti cha kompyuta. Lakini angalieni hiyo orodha ya kazi. Kusoma kibandiko, kukopi, kulinganisha mistari miwili, kuandika jina la folda bila kukosea, kusubiri umeme mzuri. Hiyo ni kazi ya mtu makini, na watu makini tunao. Dada zetu wanaoshika vitabu vya akiba kila Jumapili bila shilingi kupotea wanaiweza kazi hii kuliko sisi tunaopiga kelele kwenye padi. Tunapendekeza wawili kati yao wawe ndio wakaguzi wa kidole. Bila sahihi yao, flashi haiingii kwenye mashine.

Na hapa ndipo tunapotaka kufika. Sisi wakimbizi tumezoea sana kufanyiwa. Kadi unafanyiwa, kisima unafanyiwa, hata mafunzo unaletewa yakiwa yameshapangwa, unakaa kwenye kiti cha plastiki unapiga makofi. Si kosa letu, ndivyo maisha haya yalivyopangwa. Lakini vipo vitu vichache ambavyo ni vyetu kweli, hakuna aliyetupa, na PS3 hii ni kimojawapo. Hata hiki nacho tukikabidhi, tukakaa nje ya mlango tukisubiri kuitwa, tutakuwa tumejifunza nini?

Tena diski ile haiishii kwenye gemu. Diski hiyohiyo inaokoa picha na vyeti kwenye laptopu ambayo Windows imekataa kuwaka. Inasafisha flashi ya mwalimu yenye mitihani. Inamfanya mtu mwenye kompyuta isiyo na diski ya ndani aandike barua yake ya maombi ya kazi. Kijana akijua lsblk na sha256sum leo kwa sababu ya mpira wa kwenye skrini, kesho anajua kitu ambacho watu hulipwa kukijua.

Tunachoomba kwenye kikao cha Jumamosi ni mambo manne. Mashine isiunganishwe na intaneti mpaka tukubaliane. Kikundi kinunue CD tupu mbili na flashi moja mpya isiyotumika kwa kitu kingine. Bando la kupakua lichangwe mara moja, faili likaguliwe mbele ya wote, na liwe wazi kwa kikundi chochote chenye mashine kama yetu. Na kila hatua iandikwe kwenye daftari kwa Kiswahili: tarehe, nani alifanya, nani alikagua, mstari wa kidole ulisomeka vipi. Hata sisi tukihamishwa kesho, atakayebaki aweze kusoma na kufanya.

Wenye mawazo tofauti waandike hapa chini. Na fundi yeyote anayesoma, kama kuna hatua tumeipanga vibaya, tuambie kabla ya Jumamosi. Mashine ni moja.